Paka Mzazi na Watoto Wake: Soma Lebo Kabla ya Kununua

Anayekubali kumhifadhi kwa muda paka aliyezaa hujikuta, ndani ya juma moja, amekuwa mnunuzi wa bidhaa ambazo hakuwahi kuzifikiria: maziwa ya unga, dawa ya viroboto, dawa ya minyoo. Nyingi kati ya hizo hazihitajiki mapema hivyo, na baadhi huua.

Paka mama mwenye afya hufanya karibu kazi yote mwenyewe. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, huwapa watoto kinga katika saa 24 za mwanzo, nayo haiuzwi dukani. Wajibu wa mlezi ni kuandaa boksi lenye vitambaa safi mahali palipo kimya, na kuzuia baridi, kwa kuwa mtoto mchanga wa paka hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Usiku wa Juni mjini Njombe, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaani yafaa iwekwe upande mmoja tu wa boksi, ili anayeona joto limezidi aweze kusogea.

Ikiwa kuna kifaa kimoja kinachostahili fedha yako, ni mizani ya jikoni. Mtoto wa paka huzaliwa kwa kawaida akiwa na gramu 90 hadi 110, na huongezeka takriban gramu 10 hadi 15 kila siku. Mpime saa ileile kila siku na uandike. Asiyeongezeka kwa siku nzima, au anayepungua, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja kesho.

Maziwa ya ng'ombe hayafai: yana protini pungufu na sukari nyingi kuliko ya paka, na huleta kuhara. Mama akikosa maziwa, nunua maziwa mbadala ambayo lebo yake inataja paka, kisha mnyweshe mtoto akiwa amelalia tumbo, kamwe si chali, maana maziwa yaweza kuingia mapafuni. Mtoto aliyepoa apashwe joto kwanza. Mama akinyonyesha vema, usinunue kabisa. Jambo hili muuzaji huenda asikueleze.

Hatari kubwa imo katika dawa ya viroboto. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, ambayo ini la paka hushindwa kuivunja. Paka hutetemeka, hupata degedege, na aweza kufa. Kugawanya kipimo cha mbwa hakumfanyi paka awe salama, na dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe hata tone. Hata dawa halali za paka mara nyingi hazikuruhusiwa kwa watoto walio chini ya majuma manane. Kwao tumia kitana chenye meno membamba. Parasetamoli nayo ni sumu: kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumwua paka mzima.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tafuta kwenye lebo jina la mnyama aliyekusudiwa, umri na uzito wa chini, kiambato hai, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa iliyomiminwa katika chupa isiyo na lebo ikatae, hata ikiwa nafuu. Tanzania Bara, dawa za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na madaktari wa mifugo husajiliwa na Baraza la Veterinari. Tunza risiti pamoja na kifungashio. Bila namba ya toleo, malalamiko yako ni vigumu kufuatiliwa.

Mama anayenyonyesha huhitaji chakula mara mbili hata tatu ya kawaida yake, na ugali wenye dagaa wachache haumtoshi. Akianza kukakamaa, kuhema au kutetemeka, huenda kalisi imepungua mwilini: hiyo ni dharura. Watoto wasitolewe kabla ya majuma manane, na chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa wafikapo takriban miezi mitatu. Mama aweza kushika mimba nyingine angali akinyonyesha. Asitoke nje mpaka daktari apange siku ya kumfunga kizazi.