Bamboo: Kinywaji Chepesi cha Kabla ya Mlo

Wilayani Hanang, pombe ya asali ya Wadatoga ina mahali pake. Hutengwa kwa shughuli nzito kama bung'eda, mazishi ya mzee mwenye heshima, na wazee ndio huisimamia. Chupa za madukani hazina msimamizi wa namna hiyo. Mwenyeji wa Katesh au Mbulu mjini anayempokea mgeni kwa mvinyo hana budi kuwa msimamizi mwenyewe, na kazi yake ya kwanza ni kupima.

Bamboo ni kokteli inayomrahisishia kazi hiyo. Inanasibishwa na Louis Eppinger, Mjerumani aliyesimamia Grand Hotel ya Yokohama, Japani, miaka ya 1890. Hunywewa kabla ya chakula, maana uchungu wake mdogo huamsha hamu ya kula.

Mahitaji ya glasi moja

- Sheri kavu, mililita 45 (vijiko 3 vya chakula)
- Vermuthi kavu, mililita 45
- Matone machache ya Angostura (kiungo kichungu cha kokteli), ukiyapata
- Ganda la limau na barafu

Sheri ni mvinyo wa Hispania ulioongezewa pombe kali kidogo kiwandani. Vermuthi nayo huongezewa hivyo hivyo, kisha hutiwa mitishamba, pakanga ikiwamo. Soma lebo kwa makini: Martini Bianco ni tamu, Martini Extra Dry ndiyo kavu. Kama safari ya Babati au Arusha ipo, agiza huko usichokipata karibu.

Namna ya kutengeneza

1. Weka glasi kwenye friji ipoe.
2. Mimina sheri, vermuthi na Angostura katika jagi lenye barafu nyingi.
3. Koroga polepole kwa nusu dakika. Usitikise, kisije kikawa na povu.
4. Chuja kwenye glasi. Chukua kipande chembamba cha ganda la limau, kikunje juu ya kinywaji mpaka mafuta yake yaruke, kisha kitumbukize.

Umeme ukiwa wa wasiwasi au wageni wakiwa 6, changanya mapema: sheri mililita 270, vermuthi mililita 270, na maji safi ya kunywa mililita 120 badala ya barafu inayoyeyuka. Tia kwenye chupa, funga, weka kwenye friji. Katika baridi ya Mbulu ya Juni na Julai, hata maji ya mtungini yatatosha kuipoza.

Chupa ya vermuthi ikishafunguliwa ikae kwenye friji na imalizwe ndani ya mwezi mmoja au miwili. Sheri kavu huharibika mapema zaidi.

Wepesi wake ni wa kiasi gani?

Sheri ya asilimia 15 na vermuthi ya asilimia 18 zikichanganywa hivyo, glasi moja ina takriban mililita 15 za pombe halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo glasi mbili za Bamboo zimeshaipita chupa nzima ya bia. Ukitaka nyepesi zaidi, ongeza maji yenye gesi mililita 90.

Tahadhari

Usijaribu kamwe kuongeza nguvu ya mvinyo kwa gongo. Ni haramu kisheria, na haipimwi na yeyote. Ikiwa na methanoli hupofusha na kuua.

Asipewe aliye chini ya miaka 18, mjamzito, wala anayetumia dawa zisizopatana na pombe. Anayeshika usukani au bodaboda, hasa wa kuteremka kona za mlima Magara, asionje kabisa.

Huyo, pamoja na wote wasiokunywa, mwandalie juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi, maji yenye gesi na ganda la limau, katika glasi ile ile ya wengine. Uchachu wake nao huamsha hamu ya kula, na hakuna atakayelazimika kueleza kwa nini hanywi.