SOMO: VIJANA WAJUE HAKI ZAO



Msimu wa kahawa ukifika Gitega na Muyinga, vijana wengi huingia kibarua mashambani na kwenye viwanda vya kuoshea kahawa. Tumewaona wakifanya kazi siku 12 wakalipwa siku 9, nao wakanyamaza. Si woga tu uliowanyamazisha. Hawakuwa na maandishi ya kuonyesha siku walizofanya. Basi sisi tuliotangulia kazini hatuna budi kuwafundisha. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwanza, wajue haki zimeandikwa wapi. Tangazo la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948 lina vifungu 30. Kifungu cha 23 chasema kila mtu ana haki ya kufanya kazi, kulipwa sawa kwa kazi sawa, na kuunda chama cha wafanyakazi au kujiunga nacho. Wakiambiwa hayo ni mambo ya kigeni, wajibu hivi: Katiba ya Burundi ya mwaka 2018 inalitaja Tangazo hilo, pamoja na Hati ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ya mwaka 1981. Hati hiyo hutaja pia wajibu wa mtu kwa jamaa yake na kwa jamii.

Pili, wajifunze kwa vitendo. Kila kijana awe na daftari: tarehe, kazi, saa, fedha alizoahidiwa na alizolipwa. Kisha wafanye mkutano wao, wachague mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wasichana kwa wavulana. Kila mmoja aseme kwa zamu, katibu aandike. Sisi wakubwa tukae nyuma tusikilize.

Tatu, wasiishie kazini. Kilimani wanakoishi kuna kazi za pamoja za Jumamosi, na baraza la kilima lenye wajumbe waliochaguliwa na wananchi. Kijana aliyezoea kusema mkutanoni ataweza kuuliza huko: mchango wetu umetumikaje? Hiyo si jeuri, ni wajibu.

Daftari moja laweza kubishiwa. Lakini vijana 10 wenye madaftari 10 yanayosema neno moja, wakifuatana na mjumbe wa chama, hawafukuzwi mlangoni kirahisi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kifungu cha 23 chasema nini juu ya malipo?
2. Je, kijana wa nyumbani kwako ana daftari? Nani atamwonyesha namna ya kuliandika?
3. Ni jambo gani la kilima chenu ambalo vijana wanaweza kulianza Jumamosi hii?

Umoja ni nguvu.