Kimya Si Ndiyo

Juzi hapa Singe, Babati, tukipiga stori geto, mwenzetu aliuliza: "Kama hakupiga kelele, si alikubali?" Tukacheka. Dada mmoja hakucheka, aliinuka akatoka.

Tusome pamoja. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, kama kilivyorekebishwa mwaka 1998, kinasema ridhaa iliyopatikana kwa nguvu au vitisho haihesabiki. Tena si lazima kuwe na majeraha ili kuthibitisha kwamba mtu hakuridhia. Mwenye hofu huweza kuganda tu, sauti isitoke.

Jipime: msichana amekuja geto, mmekula chipsi ulizonunua wewe. Amekubali busu. Ulipoendelea, akanyamaza, akageukia ukutani. Amekubali? Hapana. Chipsi si mahari, na busu ni busu tu. Simama, uliza: "Uko sawa? Tuache?" Akisita, acha.

Nawe uliyefanyiwa, kosa si lako. Wahi hospitali ndani ya saa 72 upate dawa za kinga ya VVU. Polisi kuna dawati la jinsia.

Sisi walimu wa kesho tutaulizwa swali lile darasani. Tusije tukacheka tena.