Kuelea Kwanza, Kuogelea Baadaye

Mzazi, kabla mtoto hajafundishwa kushindana majini, afundishwe kuelea chali. Mapafu yakijaa hewa, mwili wa watu wengi huwa mwepesi kidogo kuliko maji. Hewa ikitoka, huanza kuzama. Ndiyo maana anayepiga mayowe na kurusha mikono juu huzama upesi: hewa inamtoka, na mikono iliyo nje haibebwi tena na maji, hivyo uzito wake hukisukuma kichwa chini. Avute pumzi, alaze kichwa nyuma hadi masikio yaingie majini, mikono aitandaze. Miguu ikishuka si neno, mradi mdomo uko juu.

Hapa Pwani tuna jambo tunalosahau. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 1,025 hivi. Ya mto au bwawa, gramu 1,000. Chumvi hutubeba. Kijana hodari wa baharini akiingia bwawani, mwili wake utashuka zaidi na atachoka mapema.

Ukimwona mtu anazama, usimrukie. Mtupie jerikeni tupu ya lita 20 iliyofungwa kifuniko, ikiwezekana yenye kamba. Hiyo hubeba karibu kilo 20, na kichwa cha mtu mzima ni kilo 5 hivi.