Pima kwanza, nunua baadaye: maswali na majibu kuhusu intaneti, simu na dishi Ukambani

Kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei, mtandao ukisumbua, ushauri wa kwanza huwa ni kununua: ruta mpya, bando kubwa zaidi, dishi pana zaidi. Majibu yafuatayo yanatetea ushauri mwingine. Kasoro nyingi za nyumbani hutokana na mahali kifaa kilipowekwa, na pesa za dukani haziziondoi.

Nina bando la kutosha, lakini simu ya WhatsApp inakatikakatika. Ninunue ruta yenye nguvu zaidi?

Bado. Simu ya sauti haili data nyingi. Hata mfumo wa zamani wa G.711, usiobana sauti, unahitaji takribani kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo laini ya megabiti 5 ingeweza kubeba simu kama hizo hamsini. Kinachoharibu mazungumzo ni vipande vya sauti kuchelewa au kupotea njiani, na njia hiyo ina sehemu mbili: mnara hadi ruta, kisha ruta hadi simu yako. Zitenganishe. Simama mita moja kutoka kwenye ruta wakati hakuna mwingine anayepakua video, kisha piga. Sauti ikiwa safi hapo na mbovu chumbani, mnara hauna kosa. Ikiwa mbovu hata hapo, shida iko nje ya nyumba, na ruta ya bei kubwa ikiwekwa palepale huenda isibadilishe kitu.

Nyumba yenyewe inaweza kuzuia mtandao?

Sana. Matofali ya kuchoma hupunguza mawimbi, na mabati na milango ya chuma huyarudisha yalikotoka. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka upesi ukutani. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi. Tatizo ni kwamba ruta ya laini ya simu inataka kukaa dirishani, upande wa mnara, ilhali Wi-Fi inataka kutokea katikati ya nyumba. Wengi hununua kifaa cha kurudufu mawimbi, lakini vile vya bei nafuu hupokea na kutuma kwa masafa yaleyale, na kasi hushuka karibu nusu. Waya wa mtandao ni bora: hufika hadi mita 100, unatosha hata kwa jiko la nje. Mwisho wa waya huo unaweza kuweka ruta yako ya zamani, ilimradi uzime kazi yake ya kugawa anwani na uchomeke waya kwenye tundu la LAN.

Picha ya king'amuzi inaganda. Nibadilishe dishi?

Fungua kwanza ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ikijaa huku ubora ukiwa sifuri, kwa kawaida kebo iko sawa na dishi ndilo limeelekea pasipo. Ubora ukiwa nusu, kuzungusha kidogo kichwa cha dishi, kile mafundi wanachokiita LNB, huweza kuupandisha. Mvua kubwa ya Novemba ikikata picha, hilo ni la kawaida. Ikiisha na picha isirudi, fungua viungio vya kebo utazame kama maji yameingia na shaba imeota kutu ya kijani.

Wapo watakaosema kwamba milima ndiyo inayowaziba. Kwa dishi, ni nadra. Satelaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Mji wa Kitui uko karibu na nyuzi 38 mashariki, kwa hiyo satelaiti ya nyuzi 36 inayobeba DStv iko karibu utosini. Ile ya nyuzi 7 inayobeba Azam TV iko magharibi, kwenye kimo cha nyuzi 54 hivi. Kinachoziba ni mwembe au ukingo wa paa. Antena ya kawaida ni kesi tofauti: hutegemea mnara wa ardhini, na tangu analojia ilipozimwa mwaka 2015 hakuna tena picha ya chenga, bali picha safi au giza. Aliye nyuma ya vilima vya Mbooni na asiyepata mnara ana sababu nzuri ya kununua dishi.

Starlink si imemaliza haya yote?

Imemaliza sehemu moja. Tangu ilipoanza Kenya Julai 2023, boma lisilofikiwa na mnara lina njia, na sifa hiyo ni ya haki. Satelaiti zake ziko kilomita 550 hivi juu, hivyo simu haina ule ucheleweshaji wa karibu nusu sekunde, kwenda na kurudi, unaoletwa na satelaiti za mbali. Lakini hupita angani kwa kasi, kwa hiyo zinahitaji anga pana. Mwembe usiosumbua dishi la televisheni unaweza kukata simu mara kwa mara. Kuna pia umeme. Kifaa cha kawaida kinachokula wati 60 kitamaliza wati-saa 1,440 kwa siku, wakati betri ya sola ya volti 12 na ampia-saa 100 hubeba takribani 1,200. Ruta ya laini ya wati 10 hutumia 240 tu. Na mlango wa chuma ndani ya nyumba bado upo palepale.

Vipimo hivi si kazi ya fundi?

Kupanda paa na kugeuza dishi ni kazi yake. Mabati yaliyolowa si mahali pa kujaribia. Kusoma mstari wa ubora na kupiga simu karibu na ruta ni kazi yako. Andika namba ya ubora kabla fundi hajaanza, umwombe akuonyeshe ya baada ya kazi, ndipo umlipe.