Ukaguzi wa Kitabibu Katika Idara ya Radiolojia: Kuanza na Fomu ya Kuomba Kipimo

Ukaguzi wa kitabibu ni utaratibu ambao watoa huduma hulinganisha kazi yao na kiwango kilichokubaliwa, hurekebisha upungufu unaobainika, kisha hupima tena. Usichanganywe na ukaguzi wa kisheria. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, hutoa leseni na kukagua usalama wa mashine na vyumba vya mionzi. Hata hivyo, mashine inaweza kutimiza masharti yote na bado mgonjwa akapigwa picha isiyomfaa. Mwaka 2010 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitoa mwongozo wa ukaguzi wa kitabibu kwa idara za radiolojia, unaofuatilia huduma tangu ombi la kipimo hadi ripoti.

Kwa nini ombi litangulie

Hospitali za katikati ya Dar es Salaam, zikiwamo Muhimbili, Amana na Mnazi Mmoja, hupokea majeruhi wa bodaboda, wa ujenzi na wa kazi za sokoni. Tuchukue mfano wa mchukuzi wa Kariakoo aliyeanguka na gunia ngazini, naye akalalamikia goti. Fomu yake imeandikwa "eksirei ya goti" tu. Picha inapigwa, goti linaonekana halina tatizo, naye anaruhusiwa kurudi nyumbani. Lakini maumivu ya nyonga iliyovunjika huweza kusikika gotini. Laiti fomu ingetaja kwamba ameanguka na kwamba kuuzungusha mguu kunamuumiza sana, mpiga picha angeuliza kuhusu nyonga. Mvunjiko wa shingo ya fupa la paja usiotambuliwa huweza kuachana mgonjwa anapoendelea kutembea. Damu inayolisha kichwa cha mfupa hukatika, na mfupa huweza kufa. Kwa mtu anayeishi kwa nguvu za miguu yake, hiyo ni hasara ya maisha.

Hatua tano

Kwanza, idara iweke kiwango. Kila fomu iwe na umri wa mgonjwa, historia fupi, sehemu na upande wa mwili, na swali ambalo daktari anataka lijibiwe. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, uwezekano wa ujauzito uandikwe.

Pili, ipime hali ilivyo. Zichukuliwe fomu zinazofuatana bila kuchagua, na majina ya wagonjwa na madaktari yafichwe. Ikiwa katika fomu 200 zilizokamilika ni 120, kiwango kimefikiwa kwa asilimia 60.

Tatu, itafute sababu. Huenda nafasi ya kuandika ni finyu, foleni ni ndefu, au madaktari wapya hawajaelekezwa. Ukaguzi ukigeuzwa kuwa fimbo ya kuwaadhibu watumishi, takwimu zitapambwa na ukweli utafichwa.

Nne, ifanye badiliko moja au mawili yanayowezekana: kuchapisha upya fomu yenye nafasi ya swali la daktari, au kumpigia simu daktari fomu inapopungua, badala ya kumrudisha mgonjwa foleni.

Tano, ipime tena baada ya miezi mitatu kwa njia ileile. Bila hatua hii, zile nne hubaki kuwa takwimu ndani ya faili.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo. Katika maafa ya namna hiyo majeruhi huletwa kwa wingi na maombi ya picha huandikwa kwa haraka. Muda wa kumfundisha mtu kujaza fomu huwa haupo. Kila mmoja hufuata mazoea aliyojijengea siku za kawaida, nayo ndiyo ambayo ukaguzi wa kitabibu hukusudia kuyarekebisha mapema.