Somo juu ya Kazi: Kujitayarisha Wakati Kampuni Inapofunga Mlango

Katika vijiji vingi vya Katanga wako wazee waliorudi kutoka migodini. Walikwenda wakiwa vijana, wakafanya kazi miaka ishirini au thelathini, kisha kampuni ikawaachisha. Watu husema: «Fulani alipata fedha nyingi, akazila zote.» Kabla hatujamhukumu mtu hivyo, yatupasa kujua mambo yalivyokuwa, na msaada gani ulihitajiwa. Maana jambo lililowapata wao laweza kumpata kila mtu anayekula mshahara.

1. Yaliyotokea

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru lake la Lubumbashi likatoa shaba ya kwanza. Baadaye kampuni ikawa kama baba wa wafanyakazi wake: iliwapa nyumba kambini, posho, hospitali, na shule ya watoto wao. Mwaka 1967 serikali ilitwaa mali yake, na kampuni mpya ikaja kuitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka.

Kisha mambo yakaharibika. Mashini zilizeeka, madeni yakaongezeka, na mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shaba iliyotoka haikufika hata tani 50,000 kwa mwaka. Wafanyakazi walikaa miezi mingi bila mshahara. Ndipo, mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakakubali kuondoka kwa malipo yaliyotolewa kwa fedha za Benki ya Dunia.

2. Kwa nini fedha peke yake haitoshi

Mtu aliyekaa muda mrefu bila mshahara hupokea fedha huku madeni yakimngoja mlangoni: karo ya shule, dawa za wagonjwa, paa la nyumba. Kinachobaki hukitia katika biashara asiyoizoea.

Tena, katika kampuni kubwa kila mmoja hujua sehemu moja tu ya kazi. Fundi wa kuchomelea hujua chuma na moto. Lakini mwingine hununua chuma, mwingine hupanga bei, mwingine hutafuta wanunuzi. Siku atakapokuwa peke yake, sehemu hizo zote zamwangukia yeye.

Tutoe mfano. Mtu ananunua unga kwa franka 100,000, anauuza kwa 120,000, na safari inakula 10,000. Faida yake ni 10,000. Lakini nyumbani wametumia 25,000. Basi safari ya pili anakwenda na 85,000 tu. Ikiwa faida yapungua kadiri mali inavyopungua, baada ya safari tano hatabaki hata na franka 10,000. Mtu huyu hakunywa pombe wala hakuibiwa. Alikosa mtu wa kumfundisha hesabu.

3. Kujitayarisha ni nini

Kwanza, mfanyakazi ahesabu ujuzi wake. Wengi husema: «Mimi nilikuwa mtu wa mgodi tu.» Lakini aliyetengeneza pampu ya mgodi aweza kutengeneza pampu ya kisima au mashini ya kusaga mahindi. Aliyetunza ghala ajua kupokea, kupima na kuandika.

Pili, atazame wanunuzi kabla ya kuchagua kazi. Kama njia moja ina mafundi seremala kumi, wa kumi na mmoja atakaa bure. Aulize sokoni: watu hutafuta nini wasichokipata hapa?

Tatu, ajifunze kile anachopungukiwa. Nchini Kongo iko taasisi ya serikali, INPP, iliyoundwa mwaka 1964 ili kuwafundisha wafanyakazi ufundi na kuwasaidia wanaobadilisha kazi. Hata kabla yake, Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika Katanga mwaka 1911, walianza kufundisha vijana kazi za mikono. Mtu mzima asione haya kuketi darasani.

Nne, awe na madaftari mawili na mifuko miwili: mmoja wa kazi, mwingine wa nyumba. Ajiwekee posho ndogo, asiipite.

Tano, mafunzo yatangulie malipo. Fundisho linalokuja baada ya fedha kwisha ni kama mbegu zinazoletwa mvua ikiwa imekwisha.

Mke naye aitwe katika mafunzo. Katika miaka ile ya kukosa mshahara, wanawake wengi wa kambini ndio waliolisha jamaa zao kwa mashamba na biashara ndogo. Ajue mume ya kuwa huenda mwalimu wa kwanza yumo nyumbani mwake.

4. Akila na Prisila

Tunasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, habari za Akila na mkewe Prisila. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi katika mji wa Roma, nao wakahamia Korinto. Ufundi wao wa kushona mahema ulikwenda pamoja nao. Huko Korinto Paulo, mwenye ufundi uleule, alikaa nyumbani mwao, wakafanya kazi pamoja. Hivyo waliofukuzwa wakawa wenye kumpa mwingine mahali pa kazi.

5. Wajibu wetu kijijini

Aliyerudi mikono mitupu ana uchungu ndani yake. Jana aliitwa fundi; leo watoto wake wamwona ameketi. Tusimcheke. Wenye ardhi wamwonyeshe shamba. Wenye baiskeli mbovu au mlango uliovunjika wamletee kazi, na wamlipe; maana kumtumikisha bure kwa jina la undugu ni kumwua mara ya pili. Nao vijana wamwendee awafundishe.

Maulizo

Swali: Mfanyakazi aliyeachishwa amepoteza nini?
Jibu: Amepoteza mshahara, na pengine nyumba na posho. Ujuzi wake hakuupoteza.

Swali: Kwa nini malipo ya mara moja hayatoshi?
Jibu: Kwa kuwa madeni huyangoja, na asiyejua hesabu hula mali akidhani anakula faida.

Swali: Mafunzo yafaa kuanza lini?
Jibu: Kabla ya malipo kutolewa, na yafaa zaidi mtu akiwa angali kazini.

Swali: Kijiji kimfanyie nini?
Jibu: Kimheshimu, kimpe kazi na kumlipa, na kimwombe awafundishe vijana.

Zoezi la juma hili: Mtafute katika kijiji chako mtu mmoja aliyefanya kazi katika kampuni. Usimwulize alipata fedha ngapi. Mwulize: «Baba, huko kazini mikono yako ilijua kufanya nini?» Jibu lake ulilete katika mkutano ujao, ili tuone pamoja ni nani hapa kwetu anayeuhitaji ujuzi huo.